Yule Karani wa Kwenye Televisheni Ni Mwongo

Kisangani, mtaa wa Kabondo

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu, na kabla ya neno jingine lolote nauliza macho yako. Amisi mjukuu wako aliniambia kwa simu kwamba hospitali ya Kasongo ilikupa dawa ya matone, nawe unatia jicho la kulia peke yake kwa sababu la kushoto, eti, halijakukosea. Tia yote mawili. Nauliza na goti, na paa la jiko kama limezibwa kabla ya mvua, na yule mbuzi mweupe kama bado anakula nguo za majirani. Nauliza watoto na watoto wa watoto, mmoja mmoja, ingawa majina mengine sasa yananiponyoka, na ni afadhali nikiri hapa mwanzoni kuliko kujifanya.

Kwa kuwa macho yako ni hayo, najua Amisi ndiye anayekusomea. Amisi, soma kwa sauti na usiruke mstari hata mmoja. Ukifika mahali ambapo ungependa kuruka, hapo ndipo usome polepole.

Mimi bado nipo, lakini kidogo kidogo. Miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Daktari, kijana mwenye adabu, alianza kunieleza kwa Kifaransa kirefu. Nikamwambia, "Docteur, mimi nimeandika hukumu za watu maisha yangu yote. Nipe hukumu, acha maelezo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Papa, moyo umechoka. Si wa kuhesabu mwaka tena." Nimeipokea. Si hiyo inayonikasirisha.

Naandika kwa mkono wangu, asubuhi, mistari michache kila siku, Aziza binti yangu akiwa kwenye cherehani yake. Sikutaka simu. Kwenye simu ungenikatiza, au laini ingekatika, nami ningeshukuru kwamba imekatika. Barua hii ataileta mkononi mwalimu wa msikiti wetu anayesafiri kwenda Kindu, na kutoka hapo ataitafutia mtu wa Kasongo.

Zaina, nina hasira ambayo sikujua kwamba mzee anaweza kuwa nayo. Nilidhani hasira huondoka pamoja na meno. Nimewakasirikia watu wa televisheni, nimewakasirikia majirani zangu wanaonipigia makofi, nimekukasirikia wewe, na yuko mwingine wa mwisho ambaye nitamtaja baadaye.

Unaijua ile sinema ya mfululizo ambayo Amisi na wenzake wanaitazama kwenye simu, Komisere Bolamba. Kila msimu una kesi moja ya zamani, ya miaka ile ya Zaire, na komisere mmoja wa polisi mwenye mvuke wa chai usoni ambaye hakosei kamwe. Misimu miwili ya kwanza waliichezea Kinshasa. Huu mpya, wa tatu, waliamua kuja kuuchezea kwetu Kisangani, kwa sababu majumba ya zamani bado yamesimama. Wakatafuta wazee waliofanya kazi mahakamani wakati ule. Wengine wote wamekwisha kufa. Wakaletwa kwangu.

Aliyekuja ni msichana anayeandika maneno ya sinema, jina lake Godelive, mwenye kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Akaniamkia vizuri, akakaa chini kwenye mkeka, akaniuliza maswali ya maana: karani alivaa nini, hakimu aliitwaje, mihuri ilikuwa ya rangi gani. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, ilikuwa miaka mingi tangu mtu aniulize kitu na kungojea jibu. Siku moja walinipeleka kuwaona wakifanya mazoezi, nikakuta yule kijana anayecheza karani amefungwa tai shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, wakati ule ukivaa tai wewe ndiye mshitakiwa." Wakacheka wote, wakamvua, wakamvalisha abakosi, lile koti la Zaire lisilo na tai, iliyofungwa vifungo hadi juu. Nikawafundisha kusema "sitwaye", yaani raia, badala ya "mheshimiwa". Niliporudi nyumbani nilikuwa mrefu zaidi.

Na katika kurefuka huko nikawapa kesi ya nyundo.

Unajua kesi ninayosema. Amisi hajui, na watoto wako hawajui, kwa sababu wewe na mimi tulikubaliana wasijue. Lakini hapa Kisangani nimeisimulia miaka hamsini. Nimeisimulia kwenye harusi, matangani, kwenye foleni ya hospitali. Naisimulia kama hadithi ya kichwa changu: jinsi karani kijana, aliyeitwa Kitabu kwa sababu hasahau, alivyomjibu hakimu bila kufungua daftari, akataja namba za vielelezo vyote moja baada ya moja, na muuaji akapatikana. Sikusema kamwe kwamba mshitakiwa alikuwa shemeji yangu. Godelive alirekodi yote. Trezo, kijana wa Kinshasa anayeongoza ile kazi, aliposikia alisema, "Papa, hiyo ndiyo saison yetu," yaani msimu wao mpya.

Jumapili iliyopita, saa kumi za alasiri, walionyesha sehemu ya pili. Umeme ulikuwepo, kwa bahati, na nyumba yangu ilijaa hadi dirishani. Sasa sikiliza walichofanya. Shemeji Shabani wamemwita Shaibu. Wamempa chupa mkononi tangu anapoonekana hadi anapokamatwa. Wamempa kicheko kibaya na jicho jekundu. Na kwa kuwa walitaka kuonyesha uzuri wa mto wetu, wamemfanya akimbie juu ya ile miti ya wavuvi Wagenia, pale kwenye mitego ya samaki, maji yakiunguruma chini, askari wakimfuata.

Shabani, ambaye hakugusa pombe. Shabani, ambaye akivuka kutoka Lubunga kuja mjini alikuwa akifumba macho kwenye mtumbwi hadi ng'ambo, na wapiga kasia wakamtania, "Fundi, fungua, tumefika jana." Askari walimkuta nyumbani kwake, amekaa, anakunywa chai.

Jirani yangu mmoja, mwanamke mwema kabisa, akasema, "Huyu mutu hata sura yake ni ya kuua." Mwingine akasema, "Acha wamunyonge." Ikafika mahakamani. Yule kijana mwenye abakosi akasimama wima, akataja namba bila kufungua daftari, na nyumba yangu nzima ikapiga makofi, ikageuka kunitazama mimi. "Papa Kitabu." Na hapo, ukutani nyuma ya kichwa cha yule mchezaji, nikaona fremu. Ilikuwa fremu yangu, yenye cheti changu cha karani mwenye bidii nilichopewa na mahakama mwaka ule ule. Watu wa sinema walikuja kuiazima nikiwa hospitali, na Aziza akawapa kwa kujivuna. Kikombe kiliniponyoka, chai ikamwagika mapajani. Aziza alidhani ni furaha.

Kesho yake Amisi akanipigia. "Babu, tumekuona huku. Yule karani ni wewe, non? Yule muuaji alikuwa mubaya kweli." Kisha akaniambia kwamba wewe ulikuwa unatazama pamoja nao kwenye simu, kwa jicho lako zuri, hadi pale Shaibu anapomgeukia karani na kusema, "Soma kitabu yako." Ukasimama, ukaingia chumbani kulala, na jua bado liko juu. Akaniuliza kama unaumwa.

Nilimjibu kwamba bibi yake amechoka. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwa nyumba yenu.

Mlikuwa mnakaa Lubunga, karibu na stesheni. Shabani alikuwa fundi wa reli, yule anayepita chini ya mabehewa akigonga magurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu na kusikiliza kama chuma kimepasuka. Mlinzi wa depo ya kahawa alikutwa ameuawa kwa kupigwa kichwani. Watu walisema Shabani aligombana naye siku chache kabla, na ni kweli waligombana. Askari wakaniletea nyundo mbili, zote za karakana ya reli, zote za namna moja. Moja waliiokota kwenye nyasi nyuma ya depo. Nyingine waliitoa nyumbani kwenu, chini ya kitanda. Zote zilikuwa na matope na kutu, na hakuna askari aliyeona damu.

Katika kesi ile mimi sikuruhusiwa kuketi kama karani, kwa sababu ya ushemeji. Lakini chumba cha vielelezo kilikuwa changu na hapakuwa na mtu mwingine wa kukitunza. Nilizipokea nyundo, nikaandika daftarini kila moja ilivyo na ilipotoka, nikafunga kila moja kikaratasi kwa uzi. Kazi ilikuwa na sheria moja: kikaratasi kikitoka, hukifungi tena mpaka umefungua daftari. Hata ukiwa na hakika. Hasa ukiwa na hakika.

Wiki ile mvua ilitoboa paa la chumba. Nilipofungua mlango asubuhi nilikuta vikaratasi vimelowa, vimeanguka sakafuni, wino umetiririka. Vielelezo zaidi ya thelathini vilikuwa uchi. Mkuu wangu alikuwa anakuja kukagua saa nne. Daftari lilikuwa juu ya meza, Zaina. Lilikuwa kavu. Lakini kusoma kila mstari kungechukua muda, na mimi nilikuwa Kitabu. Nikaandika vikaratasi vipya na kuvifunga kwa kumbukumbu, kimoja baada ya kingine, nikijisifu moyoni kwamba hakuna mwingine katika mahakama ile angeweza. Na zile nyundo mbili, bila kujua, nikazibadilishia vikaratasi.

Siku mbili baadaye daktari akaja kuzipima. Damu aliikuta kwenye nyundo ambayo mpini wake umezungushiwa waya wa shaba. Kikaratasi changu juu yake kilisema: nyumbani kwa Shabani, chini ya kitanda.

Ulikuwepo mahakamani, benchi la pili, mtoto mgongoni. Ulimsikia akisema, "Nyundo yangu iko na alama ya moto, nilichoma pete mimi mwenyewe kwa mupini. Hii ya waya sijui ni ya nani." Mwendesha mashtaka akasema hajawahi kukutana na muuaji anayeitambua silaha yake, na watu wakacheka. Ndipo Shabani akanigeukia mimi, niliyesimama mlangoni na sanduku. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeomba apewe chumvi. "Shemeji, wewe unaandikaka kila kitu. Soma kitabu yako."

Hakimu akaniuliza, "Sitwaye karani, vikaratasi vinakubaliana na daftari?"

Daftari lilikuwa kwapani mwangu. Nikajibu, "Vinakubaliana, sitwaye hakimu," nami nikataja namba za sanduku zima kwa kichwa. Watu wakanong'ona kwa mshangao. Nilifurahia ule mnong'ono. Shabani anazama mbele yangu, nami nimeufurahia mnong'ono.

Baada ya hukumu ulinifuata kwenye ngazi za nje. Uliniuliza, "Kaka, wewe umeviona vitu vyenyewe. Ni yeye?" Nikakujibu, "Ni yeye." Siku hiyo niliamini nilichosema. Kama kosa langu lingeishia hapo, ningekuwa mjinga, na mjinga anaweza kuzeeka na kufa bila kuandika barua.

Wiki sita baadaye ilibidi nipeleke vielelezo vya kesi zilizokwisha vikateketezwe, na kwa kazi hiyo lazima daftari lifunguliwe. Nikalifungua. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, wa shule ya mapadri: nyundo yenye alama ya pete iliyochomwa mpinini, nyumbani kwa Shabani. Nyundo yenye waya wa shaba mpinini, nyasi nyuma ya depo.

Nilikaa chini. Shabani alikuwa hai, gerezani, dakika kumi kwa miguu kutoka mezani pangu. Ningeweza kusimama na daftari mkononi, nikamgongea hakimu. Ningepoteza kazi, pengine ningefungwa miezi michache, na ningechekwa mji mzima: Kitabu amekosea. Nilifikiria kile kicheko, Zaina. Sikufikiria kitanda cha Shabani. Nikachukua wembe, nikakata ukurasa ule, nikaandika mwingine na kuubandika, safi, unaokubaliana na vikaratasi. Nyundo zikateketezwa. Mwezi uliofuata nikapewa cheti cha karani mwenye bidii, nikakitia kwenye fremu ya kioo, na ule ukurasa niliokata nikaukunja nyuma yake. Sijui kwa nini sikuuchoma. Nadhani hata mwongo hupenda kuwe na mahali pamoja ambapo mambo yameandikwa sawasawa.

Kisha ukaja stesheni na watoto na mizigo, unarudi nyumbani Maniema. Kabla ya kupanda ukaniuliza mara ya pili. "Kaka, niambie mara ya mwisho. Ni yeye?" Nilijua. Nikakutazama machoni nikasema, "Ni yeye. Rudi nyumbani, uwasahaulishe watoto."

Kuanzia hapo hakuna aliyempelekea chakula. Unajua vizuri gerezani mfungwa hula kinacholetwa na watu wake. Wewe ulikuwa Kasongo kwa neno langu, nami niliyebaki karibu sikuweza kumtazama usoni, basi nikapita barabara nyingine kwenda kazini. Aliishi miaka miwili na kitu. Wakasema ni homa. Nilikuandikia kwamba ni homa.

Amisi, simama hapa kidogo. Mtazame bibi yako. Mpe maji. Kisha endelea.

Amisi, yule uliyemwita muuaji kwenye simu ni babu yako, mume wa bibi yako, baba wa mama yako. Katika nyumba yetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Wewe ndiye ulipaswa kuitwa Shabani. Siku ulipozaliwa mama yako aliuliza jina la babu, na bibi yako akasema hana la kutoa. Alisema hivyo kwa sababu yangu.

Zaina, nimesema nimekukasirikia. Ni kweli, na sitaki kuificha sasa. Kwa nini uliniamini upesi namna ile? Ulikaa naye miaka tisa. Ulimjua mtu anayefumba macho kwenye mtumbwi. Mimi nilikuwa na kikaratasi tu. Mara nyingi nimekaa hapa nikikugombeza moyoni: ungegoma, ungepiga kelele, ungenishika shati pale stesheni, pengine ningesema. Halafu nakumbuka kwamba ni mimi niliyekufundisha kusoma baba alipofariki, kwa mkaa, kwenye ubao wa mlango, na kwamba tangu siku ile ulichukulia kila nilichokisoma mimi kuwa kimeandikwa kweli. Basi hasira inarudi inapokaa, kwangu mimi.

Baada ya simu ya Amisi nilimwambia Aziza anipeleke kwa watu wa sinema. Akakataa, nikavaa ndala, akaona nitakwenda peke yangu, akakubali. Tulipanda pikipiki, mimi nimebanwa katikati ya dereva na yeye kama gunia la muhogo. Wanacheza sehemu ya mwisho katika jumba moja la zamani karibu na mto. Wameandika "Tribunal" mlangoni kwa rangi mbichi. Yule kijana anayecheza karani akaja mbio, akainama. "Papa, nilifanya muzuri?"

"Ulifanya vizuri sana," nikamwambia. "Ndiyo shida."

Trezo akaniletea kiti. "Papa Kitabu, Mungu amekuleta. Kadre yako bado tunaihitaji kwa episode ya mwisho. Na wewe mwenyewe tunakutaka. Utakaa pale nyuma na kofia, kama mutu ya zamani anaangalia. Watu watalia."

"Toa fremu yangu ukutani," nikasema. "Na utoe na uongo ulio chini yake."

"Uongo gani, Papa? Ni wewe ulituambia."

"Ndio huo."

Nikawaambia yote, nimekaa, mikono juu ya fimbo. Mafundi wa taa waliacha kazi. Godelive alizima kinasa sauti chake bila kuombwa. Nilipomaliza, Aziza binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango na hakunitazama. Trezo nikamwona macho yanang'aa, nikadhani ni machozi.

"Papa," akasema, "hii iko nguvu. Karani mwenyewe ndiye mukosefu. Hakuna mutu atafikiria. Alors, hii saison tunaimaliza vile iko, watu wanamupenda karani, wanamupenda kabisa. Na saison ya ine, boum."

"Mtu alikufa."

"Najua, Papa, pole. Lakini si wamekufa wote?"

"Mke wake yuko Kasongo. Anatia dawa jicho moja."

Ni kijana mwepesi. "Bon, basi atafurahi. Tutamusafisha bwana yake mbele ya inchi muzima."

Nikapiga meza kwa fimbo. Meza ya hakimu, Zaina, na kumbe ni mbao za maboksi. Mguu wa meza ukakatika na mihuri yao yote ikabingirika sakafuni. Hakuna aliyecheka. Kilichoniwasha ni kwamba hakuwa amekosea kabisa. Shabani anastahili kusafishwa mbele ya nchi nzima. Lakini kwanza mbele yako, na kwa mdomo uliomchafua, si wewe kukaa tena mbele ya simu ya Amisi mwaka ujao na kuambiwa habari za mumeo na kijana wa Kinshasa kati ya tangazo la bia na tangazo la sabuni. Nikamwambia hivyo. Akasema mkataba ni mkataba, na hadithi niliwapa mwenyewe, na hilo nalo ni kweli.

Ni Godelive aliyepanda kiti akaiteremsha fremu, akaifunga ndani ya kitenge chake, akanipa. Alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. "Papa, andikia mama kwanza," akasema. "Ni mi ndiye naandika maneno. Sitaandika hata moja mpaka yeye atajibu. Akisema hapana, iko hapana." Namba yake nimeandika nyuma ya bahasha. Ukitaka waonyeshe, wataonyesha, na jina la karani liwe langu, si la kubadilisha. Ukitaka wanyamaze, yeye atagoma. Jibu hilo ni lako na mimi sina ushauri. Nimekupa ushauri wa kutosha.

Aziza hakusema nami siku tatu. Siku ya nne aliniletea uji, akaukagua moto wake kwa kidole kama anavyofanya siku zote, akasema, "Papa, kula." Sijui kama amenisamehe au kama ni uji tu. Sikumwuliza. Wewe pia usiharakishe kunisamehe kwa sababu nakufa. Kufa kunampata kila mtu. Si kazi niliyoifanya kukulipa. Na usiniambie "yamepita". Jumapili iliyopita yalikuwa kwenye televisheni.

Ninachoomba ni hiki tu. Mama yake Amisi, yule aliyekuwa mgongoni mwako siku ile, asomewe barua hii leo hii, na ndugu zake waliotawanyika wapelekewe. Na mtoto wa kiume wa kwanza atakayezaliwa katika nyumba yenu apewe jina linalomngoja.

Nisalimie wifi yako mjane anayekaa nyuma ya kisima. Mwambie bado nina deni lake kwa maneno makali niliyomtupia, na alikuwa na haki. Msalimie imamu, na fundi anayekuzibia paa kama amekuja, na kama hajaja msalimie kwa ukali. Wasalimie mafundi wazee wa reli waliobaki huko kwenu, na waambie mwenzao hakuwa muuaji. Wao hawakuwahi kuamini. Ndiyo maana sikuwahi kuwasalimia.

Ule ukurasa umo ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi hizi. Umekuwa wa manjano lakini mwandiko unasomeka. Amisi, ufungue taratibu, una mikunjo ya miaka hamsini. Mwekee bibi yako mkononi, kisha msomee mistari ile miwili, ya pete na ya waya.

Zaina, uliniuliza mara mbili, kwenye ngazi na kwenye stesheni. Sasa nimefungua kitabu.

Si yeye.

Kaka yako,
Ramazani